Mwanamke wa Beira na Msalaba wa Fontelhas

Shangazi Ludovina, shangazi wa kijiji kizima, alipoolewa, safari yake ya kuja kwa mume ilikuwa fupi kuliko ya mtu anayekwenda sokoni. Alipanda mlima kutoka Cabrizela, akapita jiwe la mpaka, akashuka upande wetu wa Fontelhas. Basi. Ukisimama juu pale kwenye jiwe unaliona paa la mama yake, ukigeuka unaliona paa la mume wake. Lakini katika safari hiyo alihama wilaya, akahama jimbo, akapata na jina asilolitaka, la jimbo alilotoka: yule wa Beira.

Nimezaliwa nikamkuta nalo. Bibi yangu alikuwa akisema, "Kamwombe chachu yule wa Beira," na mama yangu vilevile. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina la ukoo wake.

Enzi za utoto wake, watoto wa shule walikariri majimbo ya Ureno kama wanavyokariri sala. Mwalimu anapiga meza kwa rula, darasa zima linaimba: Minho, mji wake Braga, Trás-os-Montes na Alto Douro, mji wake Vila Real, Beira Alta, mji wake Viseu, wanakwenda hivyo hivyo mpaka Algarve kule kusini baharini. Ludovina, shuleni kwao Cabrizela, alisimama na kujipiga kifua wakifika Beira Alta. Watoto wa Fontelhas walisimama kwenye Trás-os-Montes. Mstari wa wakubwa wa Lisbon ulipita juu ya mlima wetu, katikati ya jiwe hasa, utadhani walikuja kulipapasa. Hawakuja. Walifuata mpaka wa wilaya, wilaya zilikuwa zimefuata jiwe, na jiwe lilikuwepo kabla ya wote hao.

Kwetu mambo hayo yalikuwa na kichekesho chake. Trás-os-Montes maana yake ni nyuma ya milima, na sisi tuko huku kusini ya mto Douro, milima hiyo tunaitazama kwa mbali. Kwa jimbo tulihesabiwa na Vila Real, ng'ambo ya mto. Kwa mkoa tulikuwa wa Viseu, pamoja na watu wa Beira. Kwa askofu, wa Lamego. Babu yangu alikuwa akisema, "Kichwa changu kimetiwa chungu kimoja, miguu chungu kingine, na roho inangoja chungu cha tatu." Baadaye majimbo yakanyang'anywa kazi, na baada ya mapinduzi, katiba mpya ikayafuta kabisa. Mkoa ukabaki. Ukimwuliza karani leo, Fontelhas na Cabrizela sote ni watu wa Viseu na hakuna zaidi.

Karani hajawahi kukutana na Zeferina.

Zeferina ni jirani yetu, nyumba yake iko kando ya bomba la kijiji, na hakuna maji yanayochotwa pale bila neno lake kutiwa ndani. Kwake yeye, mizabibu inapokwisha ndipo dunia ya watu inapokwisha. Na ni kweli mizabibu yetu inapanda kwa matuta mpaka karibu na kilele, halafu yanaanza mawe na vichaka vya maua ya njano, halafu jiwe, na ukishuka upande wa pili ni matufaha na viazi tu. Wao wanatuita walevi. Sisi tunawaita maganda ya viazi. Basi Ludovina alikuwa ganda la viazi lililoangukia kwenye pipa la divai, na Zeferina hakuacha kumkumbusha.

"Shangazi, leo umepika nini? Viazi?"

"Nimepika kunde, Zeferina."

"Kunde na viazi?"

"Na viazi kidogo."

"Nilijua!"

Ludovina alikuwa akicheka. Lakini mimi niliyekuwa namtazama uwani kwake wakati namnyonyesha binti yangu Iria, niliona kwamba baada ya kucheka alikuwa anakaa kimya kidogo, akiufuta ubao wa unga uliokwisha kufutwa.

Kazi yake ilikuwa tanuri la kijiji. Sote tulipeleka donge letu la unga kwake, naye alijua la nani ni lipi bila alama. Mume wake, mjomba Amadeu, alikuwa mbeba msalaba wa Fontelhas. Hapa lazima niseme habari ya msalaba, maana bila hiyo hamtaelewa kilichompata.

Juu mlimani, hatua chache kutoka kwenye jiwe, kuna kanisa dogo la Bikira wa Upepo. Si letu wala si lao, ni la wote wawili, na ufunguo ni mmoja. Kila mwaka, Jumatatu baada ya Pasaka, vijiji viwili vinapanda kila kimoja kwa upande wake, kila kimoja na msalaba wake mbele. Vinakutana kwenye jiwe. Kijiji chenye ufunguo kinainamisha msalaba kwanza, na kingine kinainamisha wake, mpaka misalaba inagusana. Tunasema inabusiana. Ufunguo umefungwa kwa utepe kwenye shingo ya msalaba wa kwanza, unavuliwa, unavishwa wa pili. Mwaka huo wote wenye ufunguo ndio wanaobatiza na kuozesha pale, na ndio wanaopiga kengele.

Kuna masharti yake. Msalaba lazima ubebwe na mtu anayelala ndani ya kijiji hicho. Kijiji kisichofika na msalaba wake, ufunguo unarudi ulikotoka. Na msalaba usivuke jiwe kabla ya kukaribishwa. Ukivuka bila kuitwa, umekamatwa. Unakaa mwaka mzima kwenye kanisa la wenyeji, kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Wakati wa babu yangu msalaba wa Cabrizela ulivuka kwa sababu ya ukungu, na bado tunawaimbia.

Mwaka huu zamu ilikuwa yetu kupokea. Na mjomba Amadeu alifariki wakati wa baridi, wakati wa kupogoa mizabibu.

Wanaume waliobaki Fontelhas unaweza kuwaweka kwenye benchi moja, na wote benchi hilo wanalihitaji. Mmoja ana goti la chuma, mwingine anapumua kwa mashine. Mume wangu yuko Uswisi kwenye kazi za ujenzi pamoja na Gualter, mtoto wa Ludovina, na kabla ya Agosti hawaji. Baada ya misa ya Jumapili moja ya Kwaresima, Padri Telmo, ambaye bado kijana na ana makanisa mengi kuliko siku za wiki, alitukusanya mlangoni.

"Ndugu zangu," akasema, "msijitese. Msalaba wa Cabrizela unaweza kuwasimamia wote. Mungu ni mmoja."

"Mungu ni mmoja, Padri, ila ufunguo pia ni mmoja," Zeferina akamjibu. "Ukirudi Cabrizela, mtoto huyu atabatizwa wapi?" Akamnyooshea kidole Iria wangu, aliyekuwa anatafuna kofia yake. Kijijini kwetu hakuna mtoto mwingine mchanga, kwa hiyo Iria ana wazazi wengi.

Ndipo shangazi Ludovina akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama donge limeumuka:

"Nitaubeba mimi."

Mzee mmoja akasema mwanamke hajawahi kuubeba. Ludovina akajibu kwamba na wanaume hawajawahi kuisha, lakini wameisha. Tukacheka, hata Padri. Zeferina hakucheka.

"Nani kule Cabrizela anabeba?" akauliza, naye jibu analijua kama jina lake.

"Abílio."

"Mdogo wako."

"Mdogo wangu, ndiyo."

"Kwa hiyo wa Beira atampelekea wa Beira mwenzake msalaba wetu." Zeferina akakunja mikono. "Shangazi, nakuambia mbele ya watu ili usiseme nimekusengenya. Ukifika kule ukaanguka, ukachelewa, ukakosea chochote, hakuna atakayesema umechoka. Tutasema umewapelekea ndugu zako ufunguo."

"Najua, mwanangu," Ludovina akasema. "Ndiyo maana sitaanguka."

Tangu siku hiyo nilijua kwamba kwake halikuwa suala la ufunguo peke yake. Maisha yake yote ya ndoa, watoto aliozaa, mikate aliyotuokea, mume aliyemzika kwenye makaburi yetu, vyote alikuwa ameviweka mkononi mwa Jumatatu moja. Gualter alimpigia simu nikiwa pale. Nilimsikia kijana akisema, "Mama, waache. Njoo ukae huku." Naye akamjibu, "Nikija huko nitakuwa yule wa Ureno. Kuhama mara moja kumenitosha."

Alifanya mazoezi. Watu walidhani anasali uwani, kumbe anafanya mazoezi. Alichukua ule ubao wake wa kutilia mikate tanurini, wenye mpini mrefu kumzidi yeye, akaweka mwishoni mkate mweusi wa nafaka ya rai, mkubwa kama kichwa cha ndama, akausimamisha juu na kuuzunguka mti wa tini. Mkate ukianguka anauokota, anaubusu kama tunavyofanya na mkate ulioanguka, anauweka tena.

"Nguvu si mkononi," aliniambia siku moja, akihema. "Mkono unachoka. Unaushika hapa chini tumboni, halafu unaacha mgongo ufanye kazi. Kama wewe na Iria. Mkono wako ungekuwa ndio unambeba, ungeshamwangusha."

Nikajiangalia. Kweli, Iria alikuwa amekaa kwenye nyonga yangu na mkono wangu ulikuwa unamshika tu.

Jumatatu ikafika na upepo wake. Jina la Bikira wetu halikutolewa bure. Tuliondoka baada ya kahawa, Ludovina mbele amevaa nguo nyeusi za ujane na viatu vya Amadeu vya kupandia mlima, ndani ameweka soksi mbili. Msalaba wetu ni wa fedha juu na mti chini. Mimi nilikuwa nyuma yake na Iria kwenye shali. Nyuma yangu Zeferina na kengele ya mkono. Nyuma yake wengine, fimbo kwa fimbo, na kikapu cha mikate ya nyama kikibebwa kwa zamu.

Kwenye matuta ya mizabibu alikwenda vizuri. Wakati wa kupanda ngazi za mawe alisimama mara kadhaa, lakini msalaba haukutikisika. Zeferina kila akisimama alipiga kengele, sijui kwa kumtia moyo au kumharakisha. Kwenye vichaka upepo ulitupiga ubavuni. Utepe wa msalaba ulikuwa unachapa kama mjeledi. Nilisikia shangazi akisema na mtu kwa sauti ndogo. Nilipokaribia nikagundua anasema na Amadeu. Alikuwa anamgombeza: "Ungenieleza kwamba hapa kuna mwinuko, mwanaume wewe. Miaka yote hiyo hukusema."

Cabrizela walikuwa wamefika. Walijipanga upande wao, wanene, wekundu wa mashavu, na Abílio mbele na msalaba wenye ufunguo shingoni. Ni mzee sasa, lakini uso ni ule ule wa dada yake, ila umetiwa masharubu. Mke wake Hortênsia alipoona nani anabeba wetu, akapiga makofi.

"Mama yangu! Walevi wamekosa wanaume mpaka wametuma bibi!"

"Ninyi mmemtuma nani?" Zeferina akamjibu kwa sauti kuliko kengele. "Huyo si mwanaume, ni gunia la viazi limevaa kofia!"

Vicheko pande zote. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana.

Bado hatua chache tufike kwenye jiwe, ardhi ni kokoto tupu. Upepo ukaja kutoka chini, ukaukamata msalaba juu kama mtu anayenyang'anya. Niliona mgongo wa Ludovina ukipinda. Kiatu cha Amadeu kikateleza. Nilinyoosha mkono mmoja, mkono mwingine una mtoto, sikumfikia.

Abílio alimfikia.

Aliruka. Mzee yule aliruka kama kijana, msalaba wake ukiwa begani, akamshika dada yake kwenye kiwiko. Ludovina hakuanguka. Wakasimama hivyo, wawili wameshikana, misalaba miwili inagongana juu yao. Kisha wote tukatazama chini.

Jiwe lilikuwa nyuma ya Abílio.

"Amevuka!" mzee wetu wa goti la chuma akapiga kelele, na mimi sijawahi kumsikia akipiga kelele. "Amevuka hajaitwa! Tumewakamata!"

"Amevuka! Amevuka!" Fontelhas nzima. Upande wa pili, Hortênsia ameweka mkono mdomoni. Abílio mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa. Alitazama miguu yake, akatazama jiwe, uso ukapauka. Ufunguo, msalaba, mwaka mzima, na nyimbo ambazo wajukuu wake wangeimbiwa.

"Dada," akasema polepole, "nilidhani unaanguka."

"Najua ulichodhani."

Watu wetu walikwisha kuukaribia msalaba wa Cabrizela kuushika. Ludovina akausimika wetu kwenye kokoto, tako lake la chuma likalia, akasimama kati.

"Hakuna atakayeushika."

Niliona macho ya Zeferina yakiwa membamba. Wote tulijua anachotaka kusema, na akakisema: "Haya. Damu imeita. Nilisema mimi, wa Beira ni wa Beira."

"Subiri kwanza, Zeferina, nimalize, halafu uniite unavyotaka." Alikuwa bado anahema. "Tukiuchukua msalaba huu, wao watatuimbia nini? Fikirini. Watasema Fontelhas walishinda kwa sababu kikongwe wao aliteleza na mtu akamwonea huruma. Watoto wetu wataitwa hivyo. Huyu Iria ataitwa hivyo. Mimi nimebebeshwa jina la kupewa tangu nije kwenu, najua uzito wake, huu msalaba ni mwepesi. Sitaki mtu wa kijiji changu abebeshwe lingine kwa sababu yangu. Sisi tulikuja kupokea ufunguo, na tutaupokea wima, mkononi mwa watu waliosimama kwao. Atakayeutaka kwa njia nyingine, aje aubebe huu mwenyewe mpaka nyumbani."

Upepo ukapita. Iria akapiga chafya ndani ya shali.

Nilimtazama Zeferina. Nimekaa naye jirani maisha yangu yote, na ninajua hasira yake inavyoanza: kidevu kinatangulia. Kidevu hakikutangulia. Alikuwa anatazama viatu vile vya Amadeu, vilivyochubuka mbele, na miguu midogo iliyokuwa ndani yake.

Kisha akaipiga kengele, mara moja, kwa nguvu.

"Mjomba Abílio, umesikia," akasema. "Rudi kwenu kabla sijabadilisha mawazo. Rudi uje kuinama vizuri kama mtu aliyefundishwa na mama yake."

Abílio akarudi kinyumenyume, hakutugeuzia mgongo, akapita jiwe. Mzee wa goti la chuma akanung'unika kwamba mwaka kama huu hautarudi, lakini alivua kofia. Ludovina akaung'oa msalaba, akaushika chini tumboni, mgongo ukanyooka. Akasogea mpaka ncha za viatu zikagusa jiwe. Wa Cabrizela ukainama. Wetu ukainama, taratibu, bila kutikisika, kama mkate unaoingia tanurini. Ikabusiana. Padri Telmo, aliyekuwa amefika akiwa na vumbi hadi magotini kwa sababu gari lake lilikwama, alivua ufunguo akauvisha upande wetu.

Basi makelele yakarudi, maana Hortênsia hawezi kukaa kimya kwa muda mrefu, na hofu ilikuwa imemtoka.

"Haya, uchukueni!" akatupigia kelele kutoka upande wao. "Chukueni, watu wa nyuma ya milima! Na huyo bibi yenu Mtransmontana mpeni maji, amelewa, ndiyo maana anateleza!"

Mtransmontana. Mtu wa Trás-os-Montes, jimbo lililofutwa, la ng'ambo ya mto, ambalo hata sisi tulitiwa ndani yake kwa kalamu. Na aliyetukanwa hivyo ni msichana wa Cabrizela aliyejipiga kifua darasani wakiimba Beira Alta, Viseu. Nilimwangalia. Alikuwa ameuegemea msalaba, ufunguo ukicheza shingoni mwake kwa upepo, jasho likimtiririka chini ya kitambaa cheusi. Alikuwa anatabasamu, na safari hii hakukaa kimya baadaye.

"Milima gani wewe?" akamjibu wifi yake. "Mlima ni huu mmoja, nawe umeupanda ukiwa mwekundu kama tufaha!"

"Na bibi ni wetu, ndiyo!" Zeferina akamalizia, akichukua upande wa pili wa mpini ili shangazi apumzike. "Wenu yuko wapi? Leteni wenu tumwone!"

Iria amebatizwa pale juu Jumapili iliyofuata. Mama wa ubatizo ni shangazi Ludovina. Zeferina alikasirika kwamba hakuchaguliwa yeye, akasema watu wa Fontelhas wanapendeleana sana.